Kura ya Mama na Kiti cha Rais: Historia Kutoka Uvira

Mwezi Mei 1960 Wabelgiji waliitisha uchaguzi wa kwanza wa wabunge kwa Kongo nzima. Aliyeandikwa katika daftari la wapiga kura alikuwa mwanamume aliyetimiza miaka 21. Uvira ilikuwa sawa na Bukavu, na Bukavu sawa na Léopoldville: mke wa mpiga kura, dada yake na mama yake mzazi wote walibaki nje ya daftari. Wabunge waliotokana na kura hizo walikutana na maseneta tarehe 24 Juni, wakamchagua Joseph Kasa-Vubu kuwa Rais wa kwanza wa nchi. Kwa hiyo swali linalozua ubishi siku hizi, kama jinsia ya mgombea iwe na uzito katika kumchagua Rais, huku kwetu sheria ililijibu kabla mtu hajaliuliza. Jinsia ilitosha kumzuia mtu asipige kura, sembuse kugombea.

Naisimulia habari hii kutoka Uvira kwa sababu mji huu unatazamana na nchi nyingine pande kadhaa. Ng'ambo ya ziwa, karibu kabisa, ni Bujumbura. Ukipanda bonde la Ruzizi kupitia Kiliba, Sange na Luvungi unafika Kamanyola, na hapo Rwanda iko mtoni tu. Maboti yanayotoka bandari ya Kalundu kwenda kusini yana ndugu na wateja Kigoma. Mambo ambayo Kinshasa huyasoma magazetini, watu wa huku huyasikia kwa shangazi aliyeolewa ng'ambo.

Kodi iliwafikia wanawake wa ufukwe huu kabla ya kura. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji na ya Ruanda-Urundi, mwanamke aliyeishi bila mume aliyetambuliwa na serikali alitozwa kodi yake mwenyewe. Makarani waliwaita "wafemmes libres", yaani "wanawake huru", Kifaransa kilichovishwa kiambishi cha Kiswahili, na kila aliyelisikia jina hilo alijua tusi lililofichwa ndani yake. Mahali lilipouma zaidi ni Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa enzi hizo. Wakazi wake wengi walikuwa Waislamu, na wengi wao asili yao ilikuwa upande huu wa Kongo. Katika orodha ya kodi walitiwa wajane, vikongwe na wanawake walioachwa. Baada ya amri ya mwaka 1950 ya kupinga ndoa za wake wengi, waliongezwa pia wake wa pili, ambao ndoa zao za halali mbele ya Mungu hazikuwa kitu mbele ya karani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Buyenzi waligoma. Fedha ilikuwa sehemu ndogo ya hasira yao. Mjane aliyefunga swaumu na kuswali swala tano hakukubali kupewa risiti inayomhesabu pamoja na makahaba.

Wanahistoria wachache wameuandika mgomo huo, na waliouandika waliuweka katika sura za maadili na ndoa. Mimi nauweka katika siasa. Mtu anayetozwa kodi kwa jina lake, akakamatwa kwa jina lake, kisha akaambiwa jina lake halina nafasi kwenye daftari la wapiga kura, anajua kwamba ameonewa hata kama hajawahi kusikia neno "demokrasia".

Mambo yalitengana katika mto Ruzizi. Tarehe 18 Septemba 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, Burundi ilipiga kura ya wabunge, na wanawake walipiga. Chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kilishinda kwa kishindo. Mama wa Buyenzi alitia kura yake, lakini mdogo wake aliyeolewa Uvira, upande wa pili wa maji, alikuwa bado hana haki hiyo. Angengoja karibu miaka sita.

Miaka hiyo haikuwa ya kungoja kwa utulivu. Mwezi Mei 1964 Uvira ilianguka mikononi mwa waasi wa Gaston Soumialot, baada ya uasi kuwaka bondeni miongoni mwa Wafuliiru. Waasi hao, walioitwa Simba, walikatazwa kumgusa mwanamke wasije wakaharibu dawa iliyowakinga na risasi, ilhali mganga wao mashuhuri kuliko wote mashariki alikuwa mwanamke, Mama Onema. Mwanamke aliaminiwa kutoa dawa ya vita, amri za vita zikabaki kwa wanaume. Wataalamu wa kimataifa wa usawa wa jinsia hupenda kuanzia mambo yao kwenye mkutano wa Beijing wa mwaka 1995. Ningewashauri waanzie hapo.

Kura ya mwanamke Mkongomani ilikuja mwaka 1967, kwa hisani ya Mobutu. Alikuwa ametwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na mwezi Oktoba 1966 alimteua Sophie Kanza kuwa waziri, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Mwezi Juni mwaka uliofuata wanawake waliitwa vituoni pamoja na wanaume kuamua juu ya katiba mpya, iliyompa Rais nguvu nyingi. Swali lilikuwa ndiyo au hapana. Miaka mitatu baadaye, kati ya tarehe 31 Oktoba na 1 Novemba 1970, waliitwa tena kumchagua Rais. Mgombea alikuwa mmoja, na karatasi zilikuwa mbili: ya kijani ya kumkubali na nyekundu ya kumkataa. Kila mtu alijua maana ya kuonekana ameshika nyekundu. Mambo yakawa hayo hayo mwaka 1977 na mwaka 1984. Mama wa Uvira aliyezaliwa mwaka 1940 alifika miaka 60 bila kuwahi kuchagua Rais kati ya watu wawili. Tuseme kweli: mumewe naye alikuwa amepokonywa chaguo hilo. Mobutu aliwasawazisha kwa kuwanyima wote.

Nyumbani hawakusawazishwa. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria linalomfunga yeye binafsi. Mwanamke aliyeweza kwa maandishi kuwa mbunge alihitaji sahihi ya mume kutia sahihi yake. Kifungu hicho kilidumu mpaka marekebisho ya mwezi Julai 2016, yaani kilikuwa bado hai katika chaguzi mbili za Rais nitakazozieleza hapa chini.

Mwaka 1993 nchi mbili jirani, Burundi na Rwanda, zilibadilika kwa wakati mmoja. Mwezi Julai, Rais mpya wa Burundi Melchior Ndadaye, Mhutu aliyechaguliwa kwa kura mwezi Juni, alimteua mwanamke Mtutsi wa UPRONA, mchumi Sylvie Kinigi, kuwa Waziri Mkuu. Mwezi huo huo Kigali ilimpata Agathe Uwilingiyimana katika cheo hicho hicho. Ghafla Uvira ikawa inapakana na serikali mbili zinazoongozwa na wanawake, wakati Kinshasa ilikuwa na mawaziri wakuu wawili wanaume wanaopingana.

Kisha usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba wanajeshi wa Burundi walimuua Ndadaye. Walimuua pia Spika wa Bunge na makamu wake, ambao katiba iliwataja kama warithi. Aliyebaki hai juu ya ngazi ya serikali alikuwa Kinigi. Alijificha katika ubalozi wa Ufaransa pamoja na mawaziri wake, na kutoka humo akaishikilia nchi iliyokuwa inachinjana. Maelfu ya Warundi walivuka Ruzizi wakaingia bondeni kwetu. Kinigi aliongoza mpaka Bunge lilipompata Rais mpya, Cyprien Ntaryamira, aliyeapishwa mwezi Februari 1994. Miezi miwili baadaye Ntaryamira aliuawa katika ndege moja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, na kesho yake, tarehe 7 Aprili, Uwilingiyimana akapigwa risasi na askari waliotakiwa kuilinda serikali yake.

Nimeirefusha habari hii kwa sababu nayasikia Uvira maneno ambayo historia hii ingepaswa kuyafuta. Watu husema: mwanamke hawezi kuwa Rais, kwa kuwa Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, nasi tunaishi vitani. Hoja hiyo si ya kudharau. Nimeisikia kwa wazee wenye heshima, na pia kwa mama wauza ndagala ambao maisha yao yote wanakimbia risasi. Lakini tuihesabu. Uvira iliangukia kwa waasi mwaka 1964. Iliangukia kwa waasi wa AFDL mwezi Oktoba 1996, wiki chache baada ya hospitali ya Lemera kushambuliwa na wagonjwa kuuawa vitandani. Mwezi Agosti 1998 ilichukuliwa na waasi wa RCD. Mwezi Oktoba 2002 wapiganaji wa Mai-Mai waliiteka kwa siku chache, RCD ikairudisha. Kila mara Amiri Jeshi Mkuu alikuwa mwanamume, na mara nyingi maaskari wa kuulinda mji walikimbia kabla ya raia. Mwanamke pekee wa ukanda huu aliyewahi kuachiwa nchi yenye jeshi lililoasi ni Kinigi, na aliikabidhi nchi kwa mrithi wake bila kujitangaza Rais wa kudumu. Sisemi hilo linathibitisha kwamba wanawake wote wataongoza vizuri. Linathibitisha kwamba hoja ya jeshi imejengwa bila kutazama ng'ambo ya ziwa.

Vita ya 1998 hadi 2003 ilibadilisha nyumba za Uvira kuliko sheria yoyote. Wanaume waliuawa, wakakimbilia msituni au wakakwama Bujumbura na Kigoma, na chakula cha nyumba kikawa mikononi mwa mama. Alivuka mpaka wa Kavimvira na mabeseni ya ndagala, akarudi na chumvi na sabuni, akilipa kizuizi hiki na kile. Alibakwa njiani kwenda shamba, na kesho yake akarudi shamba. Wajumbe wa mazungumzo ya amani walipokaa Sun City huko Afrika Kusini na mkataba ukatiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, vyama vya akina mama wa Kivu vilikuwa vimejifunza kudai. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwezi Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006 iliweka kifungu cha 14, kinachoitaka serikali ihakikishe usawa wa wanawake na wanaume katika vyombo vya taifa, vya mikoa na vya maeneo.

Siku 19 baadaye, tarehe 9 Machi, ilitoka sheria ya uchaguzi. Nayo ikasema orodha ya wagombea isiyozingatia usawa huo haikataliwi kwa sababu hiyo. Sijaona mkono wa kulia ukitoa na wa kushoto ukapokonya kwa haraka namna hiyo.

Basi tukafika tarehe 30 Julai 2006. Wakongomani zaidi ya milioni 25 walikuwa wameandikishwa. Kadi ya kura ilipendwa hata na wasiojali siasa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kitambulisho pekee cha maana baada ya miaka ya vita. Karatasi ya Rais ilikuwa na picha 33, na kati yake nne zilikuwa za wanawake. Catherine Nzuzi wa Mbombo aliwahi kuwa gavana enzi za Mobutu na sasa aliongoza tawi la chama cha zamani cha Mobutu. Justine Kasa-Vubu, binti wa yule Rais wa 1960, alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Laurent-Désiré Kabila. Wivine N'Landu alikuwa mjane wa Waziri Mkuu wa zamani Nguza Karl-i-Bond. Marie-Thérèse Nlandu alikuwa wakili. Miezi minane kabla ya siku ile, Waliberia walikuwa wamemchagua Ellen Johnson Sirleaf dhidi ya mchezaji wa mpira George Weah, na habari hiyo ilifika kila nyumba yenye redio. Rais mwanamke hakuwa tena ndoto ya Wazungu.

Wote wanne kwa pamoja hawakufikia 2% ya kura. Baada ya hapo nilisikia maelezo yale yale ambayo msomaji ameyasikia: wanawake hawapendani, mwanamke hampi mwanamke kura, wivu umewajaa. Hayo ni uvivu wa kufikiri. Kulikuwa na wanaume 29 kwenye karatasi ile, na wengi wao walipata kura kidogo kama hao akina mama. Mbona hakuna aliyesema wanaume hawapendani?

Ukweli wa Uvira ulikuwa rahisi zaidi. Mashariki mwaka 2006 ilipiga kura dhidi ya vita. Joseph Kabila alihesabiwa kuwa mtu aliyewaondoa wageni na kuleta mapatano, na alizungumza Kiswahili cha watu wa huku. Wagombea wanne wanawake walitoka magharibi na Kasai, na kampeni zao zilikuwa za Kinshasa. Katika duru ya pili ya tarehe 29 Oktoba, Kivu Kusini ilimpa Kabila zaidi ya kura 9 katika kila 10 dhidi ya Jean-Pierre Bemba. Mama aliyebakwa bondeni hakutafuta mtu wa kufanana naye kwenye picha. Alitafuta mtu aliyeamini atazima moto. Kwa akili yangu, kura hiyo ilikuwa ya jinsia kuliko zote, ila jinsia iliyoamua ilikuwa ya mpiga kura.

Na mwanamke aliyezungumzwa vikali kuliko wote katika kampeni zile hakuwa mmoja wa wale wanne. Alikuwa Mama Sifa Mahanya, mzazi wa Kabila. Wapinzani walibishana juu ya mzawa wa kweli ni nani, wakachimbua asili ya Kabila na ya mama yake. Ubishi ulihusu ni mwana gani wa Kongo anastahili kiti, na mabinti waliokiomba kiti hicho hicho wakasahauliwa pembeni.

Kizuizi kingine hakikuwa na sura ya mtu. Dhamana ya mgombea urais ilikuwa dola 50,000, zisizorudishwa. Mwaka 2018 ilikuwa dola 100,000. Ukiangalia wale wanne wa 2006 utaona binti wa Rais, mjane wa Waziri Mkuu, gavana wa zamani na wakili wa Kinshasa. Mwenyekiti wa chama cha akina mama wauza samaki Kalundu, ambaye ameamua kesi nyingi kuliko hakimu, hata nusu ya fedha hiyo hajawahi kuiona. Kwa kuwa sheria na desturi ziliiweka mali ya nyumba mikononi mwa mume, dhamana ile haikuwa na uzito sawa kwa wote ingawa tarakimu ilikuwa moja.

Marie-Thérèse Nlandu alilipa zaidi ya dhamana. Mwezi Novemba 2006 alikamatwa Kinshasa alipokwenda kufuatilia watu wake waliokuwa mahabusu, akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, raia yule, wakili yule. Aliachiwa huru mwishoni mwa Aprili 2007 baada ya mahakama kumwona hana hatia.

Mwaka 2011 wagombea urais walikuwa 11, wote wanaume, na sikumbuki mtu aliyeandika makala kuuliza kama jinsia yao iwe na uzito.

Kivu haikunyamaza. Mwaka 2015 vyama vya wanawake na wanaume wanaowaunga mkono vilianzisha harakati ya Rien Sans les Femmes, vikakusanya saini kwa maelfu kudai sheria ya uchaguzi ibadilishwe. Mwezi Agosti mwaka huo ikatoka sheria ya usawa. Ilipofika 2018, tume ya uchaguzi ilimkataa kwanza mwanamke pekee aliyeomba urais, Marie-Josée Ifoku, aliyewahi kuwa gavana wa Tshuapa. Mahakama ya Katiba ikamrudisha mwezi Septemba. Alifanya kampeni kwa ufagio, akiahidi kuifagia nchi. Mtaani walicheka kwamba amechukua chombo cha jikoni, na wapo walioona ndicho chombo chenye kazi nyingi kuliko vyote katika siasa yetu. Tarehe 30 Desemba picha yake ilikuwa kati ya 21 kwenye mashine ya kupigia kura. Hakufika 1%.

Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulileta jaribio ambalo hakuna mtaalamu angeweza kulitengeneza vizuri zaidi. Kati ya wagombea 26 walikuwapo wanawake wawili, Ifoku na Joëlle Bile. Alikuwapo pia Dokta Denis Mukwege, mzaliwa wa Kivu Kusini, aliyeanza kazi kubwa ya maisha yake katika hospitali ile ile ya Lemera, tarafa ya Uvira, akaendelea Panzi huko Bukavu kuwatibu wanawake waliobakwa, na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018. Hapa basi walipatikana wagombea wa aina zote mbili: mwanamke, na mwanamume aliyeyafanya mateso ya wanawake kuwa kazi yake. Mukwege naye hakupata 1% ya kura za nchi. Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya 73%.

Matokeo hayo yanasumbua pande zote. Anayesema wanawake wangeongoza kama wangegombea na kuungwa mkono, aeleze kwa nini hoja ya wanawake ilishindwa hata ilipobebwa na mwanamume maarufu duniani. Anayesema jinsia haina neno, tazama uwezo tu, aeleze kwa nini uwezo wa Mukwege haukutazamwa. Jibu langu ni kwamba kura ya Rais nchini Kongo huenda kwa mwenye dola, mwenye jimbo na mwenye ndege ya kampeni. Mwanamke hukutana na ukuta huo akiwa tayari amechelewa, kwa sababu miaka 1960, 1970 na 1987 ilimchelewesha makusudi.

Kusini, Watanzania wametuonyesha sura nyingine. Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021 baada ya kifo cha John Magufuli, na kuanzia Kigoma hadi Uvira akina mama walishangilia kwa vigelegele, nilivisikia. Mwezi Oktoba 2025 alitangazwa mshindi kwa karibu 98%, huku Tundu Lissu akiwa gerezani kwa shtaka la uhaini, chama chake CHADEMA kikiwa nje ya uchaguzi, na barabara zikiwa zimemwagika damu ya waandamanaji. Waliompinga kwa kuwa ni mwanamke walisema "tuliwaambia". Hawakuwa wamesema hivyo mwaka 1970 karatasi ya kijani iliposhinda. Aliyeharibu uchaguzi ahukumiwe kwa uchaguzi alioharibu, awe amevaa kofia ya chui au ushungi.

Kwa upande wetu vyeo vimeongezeka. Jeannine Mabunda aliongoza Bunge la taifa kuanzia Aprili 2019 mpaka wabunge walipomwondoa Desemba 2020. Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa Waziri Mkuu tarehe 1 Aprili 2024, wa kwanza mwanamke tangu uhuru. Bukavu ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Februari 2025, serikali ya mkoa ilihamia Uvira, na kwa mara ya kwanza mji wetu ukawa makao ya mkoa ulio chini ya Waziri Mkuu mwanamke. Lakini Kinigi aliteuliwa na Rais mwanamume. Uwilingiyimana na Suminwa vilevile. Kati ya nchi nne zinazogawana Ziwa Tanganyika, hakuna hata moja ambayo mwanamke amechukua urais kwa kumshinda mtu aliyeruhusiwa kushindana naye kikamilifu. Burundi iliwahi kukaribia hatua ya kwanza mwaka 2010, Pascaline Kampayano alipojitokeza kugombea, naye akajiondoa pamoja na upinzani wote.

Sheria ya uchaguzi ilirekebishwa tarehe 29 Juni 2022. Chama kinachopanga wanawake nusu katika orodha yake kimesamehewa dhamana ya orodha hiyo. Ni hatua, nayo imetokana na saini za akina mama wa Kivu kuliko huruma ya Kinshasa. Kwa kiti cha Rais hakuna kilichoguswa: dhamana ya 2023 ilikuwa faranga milioni 160, kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Msomaji wa Uvira, uchaguzi ujao wa Rais unatarajiwa mwaka 2028. Mtu akikuuliza kama ni halali kuitazama jinsia ya mgombea, mwombe akueleze kwanza alikuwa wapi karatasi ilipokuwa na wanaume 11 watupu. Kisha msomee mgombea yeyote, mwanamume au mwanamke, orodha ya miaka Uvira ilipotekwa, umwulize atafanya nini jeshi likikimbia tena. Asiyekuwa na jibu mnyime kura yako.